Ziwa Tshangalele lilivyoninyima samaki wa harusi yangu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni ananisahihisha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa Kenya (mtaa wetu, si nchi ya jirani).

Mke wangu Béatrice, kwao ni kando ya ziwa Tshangalele, lile lililotokea bwawa lilipozuia mto Lufira kule juu vilimani. Kwao, harusi isiyo na samaki wa ziwa hilo ni aibu. Shangazi zake walishanionya kabisa.

Basi wiki ya harusi nikakodi gari, nikapakia makasha ya barafu, nikapanda.

Aisee! Maji mpaka macho yanachoka, ndege kibao, vilima pande zote. Pale bwawani maji yanaporomoka kwenda kuzungusha mitambo, na umeme unakwenda migodini mpaka huku mjini. Mimi ninayekula kwa umeme nilibaki mdomo wazi. Nilitamani kumshukuru mtu, sijui nani.

Nikafika kwa mjomba wa Béatrice, Papa Kalenga, mvuvi. Mitumbwi yote iko nchi kavu. Nikamweleza shida yangu.

"Mukwe, samaki iko nazala. Ziwa tulishafunga. Hata uniletee monseigneur, hapana." Yaani ni msimu wa samaki kuzaliana, na hata askofu asingepewa.

Nikabembeleza. Nikapandisha bei. Nikamwambia aibu itampata mtoto wa dada yake. Wapi! Akanipa bukari (ugali wetu) na sombe, majani ya muhogo, akasema tutaonana harusini.

Nilimchukia njia nzima, sifichi.

Siku ikafika, ukumbini Hewa Bora. Mezani kuku na maharagwe. Shangazi wakaanza kunong'ona, Béatrice akainamisha kichwa. Mara Papa Kalenga akamnyang'anya DJ maikrofoni.

"Samaki, ni miye nilikatala! Hii muziki munacheza, hii ma-lampe, inatoka ku mayi yetu ya ziwa. Ile mayi inatupatia siku yote. Muiache ipumzike kidogo. Batoto ya hawa bawili, nabo bakule samaki."

Halafu shangazi mkubwa, kinara wa minong'ono, akapiga kigelegele. Béatrice akainua kichwa, analia na kucheka.

Nilichojifunza: ziwa lile linatulisha na kutuangazia kwa sababu kuna watu wanaokubali kulala na sombe ilhali samaki wako mlangoni pao. Hao nawavulia kofia.

Haya, kwenu nani angethubutu kumnyima mkwe wiki ya harusi? Semeni. Mwanangu ameota meno juzi, na babu yake wa ziwani, Papa Kalenga, tayari ametuma samaki, ziwa likiwa wazi.