Mistari ya Chaki Nyuma ya Mlango

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Nkowe, kusini kabisa, nikitokea Kagera, na ujauzito wangu wa kwanza ulinikuta huko. Mume wangu alifundisha Nachingwea, akija Jumamosi na baiskeli iliyojaa vumbi. Aliyekuwa nami siku zote ni mama jirani, Mmwera mwenye mikorosho yake, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kifupi na hakikuwa na mapambo.

Kliniki, nesi alikuwa ametoka semina. Alikuja na maswali aliyoyaandika mwenyewe kwenye daftari, akatuuliza wajawazito wote tukiwa kwenye benchi moja. "Unapata hofu usiyojua imetoka wapi? Unakosa usingizi hata ukiwa umechoka?" Wa kwanza akasema hapana, na benchi zima likaitikia hapana mpaka mwisho, maana nani angekubali mbele ya wanawake wenzake? Mimi niliudhika, nimekamata wengi wanaoangaliziana kwenye mtihani. Lakini zamu yangu ilipofika nilisema hapana kwa sauti kubwa kuliko wote, mkono juu. Niliona wazi kwamba mwenye hapana nyingi ndiye aliyefaulu.

Mtoto alizaliwa salama, mnono, mwenye kelele. Ndipo balaa likaanza. Niliamini kwamba nikiacha kumwangalia atakata pumzi. Namfunua kanga, naweka kiganja puani, namfunika, nafika jikoni, narudi. Na kwa kuwa sikuiamini hata kumbukumbu yangu, kila nikimkagua nilichora mstari wa chaki nyuma ya mlango wa chumbani, tano tano, kama nilivyofundisha darasa la kwanza. Wiki ya tatu mlango ulijaa, nikahamia ukutani. Mume wangu alipouliza, nilimwambia ni zana za kufundishia. Akaamini, naye ni mwalimu. Nilikuwa naogopa sana, ila niliogopa zaidi kuambiwa kwamba sifai kuwa mama.

Siku ya kumpima mtoto uzito, mama jirani alinisindikiza. Safari hii nesi alituita mmoja mmoja ndani, akafungua daftari lile lile. Hapana. Hapana. Hapana, sista. Alikuwa anafikia swali la mwisho mama jirani alipomwambia kutoka mlangoni:

"Mwanangu, muulize habari ya chaki."

Nilimkazia yale macho yanayonyamazisha darasa zima. Hayakumnyamazisha.

"Nyumba yote chaki. Mwalimu, mtoto anapumua. Wewe ndo hupumui."

Nesi akafunga daftari, akalisogeza pembeni. "Hapa hakuna anayefeli, mwalimu. Unaogopa?"

Nikasema ndiyo. Nililia mpaka mtoto mwenyewe akanyamaza, akawa ananishangaa. Nesi aliniambia nirudi kila wiki tuzungumze, na kwamba wapo wengi wa namna yangu kwenye lile benchi.

Tulipofika nyumbani, mama jirani alikusanya chaki zangu zote, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akambeba mtoto na kukaa naye kibarazani. Nilisimama nyuma ya mlango, kidole kikitafuta pa kuchora. Halafu nikajilaza. Niliamka alasiri mtoto akilia njaa, na sikujua amepumua mara ngapi.