Mistari ya Zambarau Kifuani pa Celestin

Siku hizi mgonjwa wa Bweranyange, kule Karagwe, hupakiwa nyuma ya pikipiki kama gunia la maharage akafika hospitali peke yake, lakini zamani alilazwa kwenye engozi, ile machela ya kusukwa, akabebwa begani na wanaume wa kitongoji kizima wakipokezana na kuimba hadi barabarani.

Celestin Mbonimpa alikuwa miongoni mwa wa mwisho kubebwa hivyo. Ulikuwa mwaka wa 1988, masika, njia ni utelezi mtupu. Jirani yake Apolinary alishika mti wa mbele wa machela na hakukubali kupokewa, ingawa vijana walimwambia mzee, achia, utavunjika.

"Mwacheni," Celestin alisema kutoka juu, kwa sauti iliyokatwakatwa na kikohozi. "Miaka yote hii nimemkanyagia ndizi zake. Leo analipa."

Kukanyaga ndizi ndiko kulikomjulisha Celestin. Alivuka Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa kijana, akapalilia kahawa za watu, mpaka baba yake Apolinary akampa pembe ya kibanja, shamba lake la migomba, ajenge. Akamwoa Mukabera, Mnyarwanda mwenzake, wakamzaa Kantengwa, mtoto wao wa pekee. Mtu akitaka rubisi, pombe ya ndizi, ya harusi au ya kipaimara, alimwita Celestin. Aliingia kwenye mtumbwi wa mti, miguu imesuguliwa ikawa safi kuliko sahani, akakanyaga ndizi mbivu pamoja na majani makavu huku akiimba, na juisi ilitoka nyeupe, tulivu, haina uchafu. Leo mitumbwi ile imepasuliwa kuni, na harusi zinanywa makreti ya bia. Akimaliza, Celestin aliketi ukingoni akawasha kiko chake, tumbaku aliyoilima mwenyewe nyuma ya nyumba.

Kikohozi kilipoanza, walidhani ni kifua kikuu, akameza vidonge nusu mwaka. Kisha akatema damu, ndipo akabebwa kwenye ile engozi. Katika hospitali ya misheni wakampiga picha ya kifua, na daktari akasema kwenye pafu la kulia kuna uvimbe, ni saratani, tiba yake iko Dar es Salaam. Akauliza kama mgonjwa anavuta sigara.

"Sigara sijawahi," Celestin alijibu. "Kiko tu. Tena tumbaku ni yangu. Hata mbwa humjua anayemlisha, itaniumaje?"

Daktari hakucheka. Celestin akauliza jambo moja tu. Kantengwa alikuwa ameposwa na kijana wa Nkwenda, na harusi ilipangwa baada ya mavuno ya kahawa. Je, atafika siku hiyo?

"Bila matibabu, sidhani," daktari akasema.

Basi wakaenda watatu. Mukabera hakuweza kumwacha mumewe, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua. Apolinary hakupita darasa la nne, lakini alisoma kila gazeti lililofungiwa sukari. Mkewe Kokwijuka alikuwa ameshafariki, nyumbani hakuna wa kumzuia. Akafunga shuka mbili na kiatu kimoja cha akiba ambacho hakikuwa na mwenzake, kwa haraka. Basi mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, treni mpaka pwani.

Daktari wa Dar es Salaam, mama mmoja mpole, aliwaeleza bila kuzunguka. Uvimbe hauwezi kung'olewa. Dawa ya mshipani itaudhoofisha, kisha mionzi itaubana upungue, mgonjwa apate pumzi. "Hatumpi maisha mapya," alisema. "Tunamwongezea haya aliyo nayo." Apolinary akatafsiri neno kwa neno. Mukabera akauliza, yatamfikisha kwenye mavuno? Daktari akasema, akimaliza tiba yote, yaweza kumfikisha.

Dawa ya mshipani ilimpiga Celestin kama mvua ya mawe inavyopiga migomba. Alitapika hata maji. Kinywa kikaota vidonda. Nywele zikabaki kwenye mto, na Mukabera akazikusanya moja moja kwenye ncha ya kanga yake, kama mtu aokotaye mbegu.

"Waswahili husema akili ni nywele," Celestin alinong'ona. "Mama Kantengwa, tazama vizuri, umeolewa na mpumbavu."

"Nililijua hilo tangu posa, Baba Kantengwa. Kunywa uji."

Apolinary aliwatazama hao wawili akageuza uso. Yeye na Kokwijuka hawakuwahi kutaniana hivyo. Hakujua kama inaruhusiwa.

Ikaja zamu ya mionzi. Ildefonsi, mtaalamu wa mashine, alikuwa mtu wa Kiziba, upande wa Bukoba, akawasemesha Kihaya nao wakamwelewa. Alimlaza Celestin, akapima kwa rula na taa, akamchora kifuani na mgongoni mistari ya wino wa zambarau, ya kukatana.

"Hii ndiyo njia ya mashine," alisema. "Mistari ikifutika, mashine haijui pa kupiga. Hapa pasiguswe na maji, sabuni wala mafuta mpaka tumalize."

"Nimepigwa chapa kama ng'ombe wa serikali," Celestin alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Bukoba akacheka mpaka mwisho bila kukohoa.

Mionzi haikuuma. Kila asubuhi alilala peke yake chini ya lile dude, mlango ukafungwa, likanguruma, likanyamaza. Siku zikapita. Akaanza kulala chali, jambo ambalo hakuliweza tangu mwaka uliopita. Mukabera akaanza kuhesabu siku za kufika harusi.

Lakini mwili wa Celestin ulikuwa umepauka. Jumamosi moja jioni Mukabera alimtazama mikono, ngozi imepasuka kama gome la mgomba wa kiangazi, akashindwa kuvumilia. Jumatatu daktari mkuu angepita kuwaona wagonjwa. Kwao, mume akipauka mbele ya watu, anayeaibika ni mke. Akatoa kibuyu chake cha samli, samli ya ng'ombe iliyofukizwa moshi wa majani ya harufu, aliyoibeba toka Bweranyange ikiwa imefungwa kwenye majani ya mgomba.

"Si walisema mafuta hapana?" Apolinary akauliza.

"Walisema hapa." Mukabera alionyesha kifua. "Mimi nampaka mabegani na mikononi. Nitakuwa mbali na mistari, kiganja kizima."

Na kweli, alipaka kwa uangalifu wa mtu anayepita kando ya kitanda cha mtoto. Apolinary hakuona kosa. Huko Karagwe, kwenye baridi ya vilima, samli hukaa pale ulipoiweka, asubuhi unaikuta. Harufu yake ikajaa chumba, na Celestin akafumba macho, akasema, "Nimefika nyumbani."

Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba huku ni pwani, ambako hata ukuta hutoka jasho.

Jumapili alfajiri shati la Celestin lilikuwa zambarau tupu. Samli ilikuwa imeyeyuka, ikachanganyika na jasho, ikateremka kifuani ikibeba wino wote. Kifua kilibaki kama kitambaa kilichochuja rangi.

Jumatatu Ildefonsi alitazama, akashika kichwa. "Mama! Mmemfanya nini?" Apolinary alipoeleza, hasira ya Ildefonsi iliishia njiani. "Mama yangu naye angefanya hivihivi," akasema. Lakini mashine haikujua mama wa mtu. Ilibidi apimwe upya, na chumba cha kupimia kilijaa wagonjwa mpaka wiki iliyofuata.

Mukabera aliketi chini kwenye korido, akafunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Ile wiki isiyo na mionzi ilimwangukia yote yeye. Kikohozi kilirudi Jumatano. Alhamisi Celestin akasema anataka kwenda nyumbani.

"Nimechoka, Apolinary. Nimechorwa, nimefutika. Ndilo jibu hilo. Nipelekeni nikafie kwenye migomba."

"Na Kantengwa?"

"Utamwoza wewe. Wewe ni babaye vilevile."

Mukabera ndiye aliyejibu, kwa Kinyarwanda, polepole. "Nikikuua mimi kwa mkono wangu, nitamwambia nini mtoto? Nitamwambia nilimpenda baba yako mpaka nikamfuta? Baba Kantengwa, usinibebeshe hilo. Kaa uchorwe."

Mikono ya Mukabera bado ilinukia moshi wa samli. Celestin akaichukua yote miwili akaiweka juu ya kifua chake, pale pale palipokatazwa kuguswa.

"Nitakaa," akasema. "Lakini huyu mwanamke afungwe kamba."

Akachorwa upya. Mukabera mwenyewe akampa Ildefonsi kibuyu cha samli ampelekee mkewe, ili kisimshawishi tena. Mionzi ya mwisho ilimchoma koo, kila tonge likawa mwiba, na Mukabera akawa anamimina uji kikombe hadi kikombe mpaka upoe kabisa, ndipo amnyweshe. Hakukosa siku hata moja. Walipomaliza, daktari alipiga picha, akaonyesha: uvimbe ulikuwa umenywea. Haukwisha. Umenywea.

Kantengwa aliolewa baada ya mavuno, kama ilivyopangwa. Celestin alikaa kwenye kiti cha baba, kofia imefunika upara, akapokea wageni wa Nkwenda, akasema maneno yake yote ya kumtoa binti bila kupumzika katikati. Jirani mmoja akamwambia Apolinary kwamba mgonjwa amepona. Apolinary alijua kilichonunuliwa kule pwani ni siku, na hii ndiyo siku yenyewe.

Mwaka uliofuata pumzi ikaanza kupungua tena, na Kantengwa akawachukua wazazi wake wakae naye. Apolinary aliwafuata Nkwenda siku ya soko. Wakala matoke, wakazungumza habari za mvua, wala hakuna aliyetaja hospitali. Alipoaga, Celestin akasimama.

"Kaa, ndugu yangu," Apolinary akasema. "Usijisumbue."

"Mgeni haendi barabarani peke yake. Wewe ulinisindikiza mpaka baharini."

Alitembea kwa fimbo. Mukabera alifuata nyuma amebeba kigoda, na kila pumzi ya mumewe ilipokatika alikiweka chini bila kuambiwa, Celestin akaketi, akapumua, wakainuka tena. Apolinary alitembea nao kwa mwendo huohuo, akijifanya anatazama kahawa za watu. Walipofika barabarani, gari la abiria lilikuwa linashusha mizigo.

"Rudini sasa, jua kali," Apolinary akasema akiwa amekwisha panda.

"Tangulia wewe," Celestin akajibu kutoka kwenye kigoda. "Sisi hatuna haraka."

Gari likaondoka. Vumbi halijawafunika bado, Apolinary aliona Mukabera akifungua kanga yake ya juu, akaitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mumewe, kumkinga jua.