Mfunga Mabawa Asiye na Ruhusa

Kwa miaka kumi na tisa Safdar Zaman alipigilia ribiti kwenye mabawa ya ndege za kivita, kiwandani karibu na Attock, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wa Pakistani. Ndege alizipokea zikiwa mabati, akaziaga zimepakwa rangi za mataifa ya watu. Yeye, kwa kuwa anajua siri za bawa, hapati pasipoti mpaka wakubwa waandike kwamba hawana pingamizi. Na wakubwa wale, jamani, pingamizi ndiyo kazi waliyosomea.

Wala hakutaka safari ya anasa. Mama yake, Gulshan Bibi, alitamani umra, ile hija ndogo ya Makka, kabla miguu haijamwishia, na maharimu, yaani jamaa wa kiume ambaye mwanamke hasafiri bila yeye, alikuwa huyo mwana mmoja tu. Miaka sita Safdar aliomba. Mara faili limekwenda Islamabad, mara limerudi, mara picha imepitwa na wakati.

"Safari hii wamesemaje?" mama huuliza.

"Tusubiri."

"Na magoti mapya watanipa wao?"

Kisha nchi moja ya mbali ikanunua ndege nane, ikataka na fundi wa kukaa nazo mwaka mzima. Jumatatu jina la Safdar likapelekwa. Jumatano karani Iqrar akamkabidhi pasipoti na barua yenye mihuri mitatu.

"Siku mbili, kaka Iqrar? Mimi nimeomba miaka sita."

"Ulikuwa unaomba wewe, ndugu yangu. Sasa anaomba mnunuzi."

"Basi nimpeleke mama Makka kwanza, wiki moja tu."

"Ruhusa hiyo ni ya safari moja, ya kazi. Usinitafutie balaa."

Safdar alirudi nyumbani na hasira zake. Akakuta habari ya pasipoti imemtangulia, kwa maana mtaa ule wa wafanyakazi hauna siri isipokuwa ya ndege. Mama alikwisha kugawa halua kwa majirani na kupanga nguo zake nyeupe begini.

"Tunaondoka lini, mwanangu?"

Safdar alitazama sakafu. Akasema anaondoka peke yake. Anafuatana na ndege, azitunze huko ugenini.

Gulshan Bibi alilivuta begi.

"Kumbe nazo haziendi bila maharimu," akasema, akaanza kuzitoa nguo begini, moja moja.