Nafasi ya Phulmati Ngazini

Katika wauza taa wote kwenye ngazi za mto Ganga mjini Banaras hakuna aliyekuwa na mdomo mchafu kama Phulmati, na mimi muuza chai wa ngazi ya juu yake nilimpenda kwa hilo. Alirithi kwa mama mkwe wake jiwe moja kando ya mto, mahali pa kuweka kapu lake la vibakuli vya majani, maua, tambi na samli, taa ambazo waumini huziwasha na kuziachia zielee mtoni. Mumewe alipofariki, shemeji yake Jokhan akalitolea macho lile jiwe.

Akaja jioni, sala imeshaanza. Mwoga yule, lakini si mjinga: makuhani wakizungusha mataa, kengele na baragumu hulia hata ukichinjwa hakuna atakayesikia. Phulmati alikuwa akimuuzia taa mama mmoja mgeni, aliyetoka Nagpur kuja kuona sala kwa mara ya kwanza.

"Toka hapo, mjane. Hapa pa wanaume wa ukoo."

"Wanaume? Wako wapi? Mbona namwona mlevi tu?"

Jokhan akalipiga kapu teke. Kisha rungu alilokuja nalo likamshukia Phulmati begani, mgongoni, mkononi, mpaka mkono ukapinda pasipo na kiungo. Mgeni alipiga yowe, kengele zikalimeza. Nikashuka na birika. Jokhan akanisukuma, chai ikaniunguza paja. Phulmati alitokwa na damu puani, lakini kwenye jiwe lake hakubanduka.

Sala ikaisha. Kuhani akashuka na taa ya shaba, watu wapitishe viganja juu ya moto na kujipaka baraka usoni. Na Jokhan, hana haya wala soni, akaweka rungu chini akanyoosha mkono.

Phulmati akaudaka kwa mkono wake mzima, akaukandamiza motoni.

"Chukua baraka, shemeji. Chukua tele!"

Jokhan alinguruma. Teke moja tu lingemtosha Phulmati, lakini lingeangusha na taa, na nani angemwaga moto wa Mama Ganga mbele ya watu wote wale? Akasimama akiungua, harufu ya nyama yake ikaishinda ya samli. Nilifurahi, sifichi.

Alipoachiwa alipanda ngazi akilia, rungu kaliacha. Phulmati akaketi palepale, mkono ukining'inia, akamgeukia mgeni aliyeshika bado taa yake mkononi.

"Mama, taa unaiwasha au huiwashi? Unanizibia wateja."