Kidude Chini ya Meza ya Mapumziko

Saa mbili na dakika kumi asubuhi niliipindua meza ya chumba cha mapumziko, kiwanda cha kushona sare. Chini yake nilihesabu kunguni kumi na wanne, na kidude cheusi kisicho na miguu.

Ukubwa wa kiberiti. Kimegandishwa kwa gundi. Kina tundu, na taa nyekundu ndogo kuliko punje ya mtama.

Inawaka.

Nimepuliza dawa ya wadudu miaka kumi na mmoja. Hiki kilikuwa kinasa sauti, na kilikuwa kimeshawauma watu watatu.

Pale kiwandani kila kero ni mdudu. Kompyuta ya stoo ikigoma, ina mdudu. Mtu akiumwa tumbo, kala wadudu. Na anayepeleka maneno kwa bosi ni kunguni: analala na wewe, anakunyonya wewe.

Mwezi mzima kunguni wao alikuwa mdogo wangu, mshona vifungo.

Watu watatu walifukuzwa kazi kwa maneno waliyoyasema chumba kile, mlango umefungwa. Meneja aliwarudishia neno kwa neno. Mdogo wangu alikuwepo mara zote tatu, basi ikawa yeye. Siku hiyo saa sita walikuwa wapige kura kumtoa kwenye umoja wa wafanyakazi. Ukitolewa umoja, huna wa kukutetea. Kazi umeiaga.

Na mimi dada yake? Nilimwambia, tena nyumbani kwangu: "Lisemwalo lipo."

Alisukuma kiti akaondoka. Wiki mbili hakukanyaga kwangu.

Nilikiacha kidude mahali pake. Nikavaa glavu, nikachukua fomu.

Kabla ya kupuliza tunaorodhesha kila kitu kilichomo. Mwenye jengo, au meneja wake, anaweka alama: cha ofisi, au si cha ofisi. Cha ofisi kinafunikwa nailoni. Kingine chote kinaingia mfuko wa taka, kinachomwa. Anasaini, kisha orodha inasomwa mbele ya wafanyakazi, wajue cha kufuta dawa wakirudi.

Namba kumi na tisa niliandika: "Kinasa sauti kimoja, cheusi, chini ya meza, kinafanya kazi."

Meneja alikuja anaangalia saa. Vikombe, tiki. Viti, tiki. Kwenye kumi na tisa kalamu ikasimama.

"Fundi, hii ya nini kuiandika?"

"Naandika kilichopo, bosi. Kama si chenu, nakitupa humu kikaungue."

Aliutazama mfuko. Mkono wangu ulikuwa umeshakibandua, unakaribia mdomo wa mfuko.

"Weka chini! Usichome kitu cha watu!"

"Cha watu gani, bosi?"

"Cha ofisi, bwana. Kifunike."

Akatia tiki. Akasaini. "Ila orodha ibaki kati yetu wawili."

"Inasomwa nje. Umekubali hapo, mstari wa mwisho."

"Nani anasoma mstari wa mwisho!"

Nje walisimama watu kama themanini. Fundi wa kola, wanayemwita Spika kwa mdomo wake, ndiye aliyekuwa ameitisha kura. Mdogo wangu alisimama peke yake karibu na mlango wa stoo.

"Soma chapuchapu, mama. Tuna mtu wa kumtoa hapa," Spika alisema.

Nikasoma. Kwenye vikombe visivyo na mikono walicheka. Kwenye kumi na tisa hakucheka mtu.

"Rudia," Spika alisema.

Nikarudia, na alama, na sahihi ya nani.

"Kumbe muda wote tulikuwa tunahutubia redioni!" sauti ilitoka nyuma.

"Ni cha usalama," meneja alisema.

"Usalama wa nani, wa vikombe?"

Kura haikupigwa. Spika alitangaza kwamba cherehani haitazunguka hata moja mpaka wale watatu warudi. Saa nane kasoro barua tatu za kuwarudisha zilibandikwa ubaoni.

Spika akamwendea mdogo wangu. "Mwanangu, tuliteleza."

"Hamkuteleza," nilimkatiza. "Mlitaka kichwa cha kupiga, mkachukua kilichokuwa karibu."

Maneno yalikuwa ya kweli. Yalinihusu na mimi.

Kwenye kazi yangu hatumshitaki aliyelala kitandani. Tunainua godoro, tunatazama. Nimewafundisha watu wengi jambo hilo, na wa damu yangu nilimhukumu bila kuinua hata shuka. Wewe unayesoma, ukiambiwa nduguyo ni msaliti, inua godoro kwanza.

Fomu ilibaki na nafasi moja, ya shahidi wa wafanyakazi. Nilimpelekea mdogo wangu.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Aliisoma yote, kuanzia namba ya kwanza, kidole kikifuata mistari. Akasaini.

"Nakala yetu iko wapi?" aliuliza.

Nikachana ya chini, nikampa. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kwenye vifungo vyake.