Ndugu Yangu Alizima Gurupu

Kwetu Kimanga kila mtu aliisimulia safari ya kazi ya mdogo wangu kwa makaburi. Alipopata kazi ya kwanza kwenye visima vya mafuta baharini, upande wa Muanda, akiwa mtu wa kuosha mabomba, baba akafa. Alipopandishwa kusimamia tope linalosukumwa ndani ya kisima, tukamzika kaka mkubwa. Alipoitwa enjeniere, mama naye akaenda. Shangazi ndiye aliyeyaunganisha hayo, na mimi, niliyeishia darasa la sita, sikuona pa kuyatenganisha.

Alifika kilioni na mfuko mmoja. Hakwenda moja kwa moja kwenye mikeka ya wanaume. Alizunguka nyumba, akatazama nyaya, akatazama mlango wa nyuma, ndipo akaketi karibu na mlango huo.

"Munaona?" shangazi akasema. "Muntu wa roho safi anatafuta pa kukimbilia ku kilio ya mama yake?"

Nilimfuata uani, nikamuuliza waziwazi anafanya kazi gani.

"Yaya," aliniita hivyo kwa kuwa mimi ni mkubwa, "tunatoboa chini ya bahari. Kule chini gesi inasukuma, na sisi tunaikandamiza na tope nzito. Tope ikirudi mingi kupita ile tulituma, tunafunga kisima. Kuuliza inakuja nyuma."

"Na weye kazi yako ni gani hapo?"

"Minye? Ni kushuku."

Hilo nililielewa. Nilipouliza zaidi, akasema alitia sahihi kwamba hatasema. Hilo pia nililielewa, kwa ubaya.

Asubuhi ya maziko korali iliimba kwa vipaza sauti vilivyopata umeme kwenye gurupu, jenereta ndogo iliyowekwa kando ya ukuta, karibu na mbabula, jiko la makaa la wapishi. Kwetu wimbo wa kumtoa marehemu nyumbani haukatwi katikati. Sanduku la mama lilikuwa mlangoni, mdogo wangu aliporuka, akazima gurupu bila neno, kisha akaibeba mbabula na makaa yake mekundu hadi barabarani.

Wimbo ukakatika.

"Amemufunga mama yake kinywa!" shangazi akapiga kelele. "Hata wimbo anamunyima!"

Mjomba akamsukuma nje ya kundi la wabebaji. "Weye hutamugusa. Bakia hapo."

Alinitazama, kisha akaitazama gurupu.

Nilikwenda kwenye gurupu, nikainama. Mchanga chini yake ulikuwa umelowa, na harufu ya petroli ikanipanda puani.

"Esansi iko inavuja," nikawaambia.

"Na nani ameivujisha?" mjomba akauliza.

Sikutaka kubuni jibu. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikauweka kwenye mpini wa sanduku, na wangu juu yake, ingawa kwetu wanawake hawabebi.

"Ni mama yake. Mukimutoa, mututoe wote wawili."

Korali ikaanza upya bila vipaza sauti, tukaondoka. Siwezi kusema kwamba nilimwamini. Mama alikuwa wake pia, basi.

Alirudi baharini. Juzi akapiga simu, akisema kwa sauti ya chini:

"Yaya, wamenipandisha tena. Usiwaambie."

Nilimpongeza. Kisha nikaweka simu, nikaenda chumbani kwa shangazi aliyekuwa amejilaza, nikasimama mlangoni mpaka nilipoona shuka lake linapanda na kushuka.