Kaka Hajawahi Kuomba Radhi

Mama Magodoro alikuwa amepiga magoti juu ya godoro la mteja, sindano ndefu mkononi, mkaza mwana wake alipoingia na simu mbio mbio.

"Mama, barua pepe! Imetoka kwa mjomba kinyozi!"

Hakuinua kichwa. Miaka mitatu hajasemezana na kaka yake, tangu alipong'oa mlango wa nyumba ya marehemu baba yao akaupeleka kwenye kibanda chake cha kunyolea, bila hata hodi. Walikuja wapatanishi, wakachoka. Mama alikwishaapa: asipoomba radhi, hata kaburini nitamgeuzia mgongo.

"Soma."

"'Dada yangu mpendwa, nisamehe, nilikukosea. Piga picha hati ya nyumba na kitambulisho chako, unitumie leo hii, ofisi ya ardhi inafungwa saa tisa. Usinipigie, simu yangu mbovu.'"

Sindano ikasimama. Neno lile amelingoja miaka mitatu. Na hati ilikuwa kabatini, hatua nne tu. Hana nyumba nyingine chini ya jua.

"Nikailete hati, mama?"

"Kaa hapo! Rudia pale anaponiomba radhi." Akasikiliza tena, akacheka mpaka pamba zikaruka. "Huyo si kaka. Tumenyonya ziwa moja, namjua. Utotoni alinivunja jino, akasema jino lenyewe lilikuwa bovu."

"Labda uzee umemlainisha."

"Basi tutamuuliza mwenyewe. Nipe kidaftari changu, namba yake ya siku zote imo."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana anayepiga kwanza ndiye aliyeshindwa. Kidole kikasitasita. Lakini kiburi hakikingi mvua. Akapiga.

"Wewe kinyozi, umeniandikia barua?"

"Nani, mimi? Nikuandikie wewe, una nini?"

"Ya kuniomba radhi."

"Thubutu!"

Akamkonyeza mkwewe. "Basi kuna mwizi anajifanya wewe, anataka hati yangu. Badilisha neno lako la siri sasa hivi, uwapigie wote unaoandikiana nao. Anza na shangazi, yule hamnyimi mtu kitu."

"Ulijuaje si mimi?"

"Alikuwa na adabu."

Kaka akaangua kicheko, na yeye akajikuta anacheka naye.

"Hukumtumia kitu, dada?"

"Hata uzi. Haya, kata umpigie shangazi. Jioni nitakupigia tena nijue umefika wapi, na ole wako usipokee."